Glasi ya Sita Kibarazani

Mlionisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza kama Matone aliinywa ile glasi, shusheni pumzi. Hakuinywa. Yuko pale pale tulipomwacha, kwenye mlango wa kibaraza cha nyumba ya marehemu mama yake, mkoba wa kazini begani, funguo mkononi, macho yamemtoka pima.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini, mchana mweupe. Hata wanaoogopa mizimu hukubali kwamba mizimu ina haya kidogo, husubiri giza. Huyu wa Matone hakusubiri.

Mezani, mbele ya kiti cha mama, kulikuwa na sahani nyeupe. Juu ya sahani, glasi ndefu. Ndani ya glasi, pasheni ya manjano ilikuwa imetulia chini, maji ya waridi yamekaa juu yake, na maua matatu ya asumini yanaelea kifudifudi. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Aliyeitengeneza hakuwa mbali.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi, usijione mgeni, vuta kiti. Matone ni mfamasia. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa duka la dawa kwa sababu hapimi kitu kwa jicho, hata chumvi ya mboga yake huipima kama dawa ya mtoto mchanga. Mama yake alichanganya vinywaji hotelini kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akawa anachanganya nyumbani, bila kileo, kinywaji kimoja tu ambacho ndugu na majirani walikiita kokteli ya mama.

Miezi kumi na moja iliyopita, siku ya kutimiza miaka sabini, mama alikaa kwenye kiti kile, akanywa nusu glasi, akafa. Saa kumi kamili. Daktari alisema ni moyo.

Kokteli ya siku ile aliitengeneza Matone.

Na sasa ni Jumamosi ya sita mfululizo anarudi kutoka kazini na kukuta glasi imeandaliwa. Zile tano za kwanza alizimwaga kwenye sinki, akaziosha, akazifuta, akanyamaza. Angemwambia nani? Lakini hii ya sita ilikuwa na kitu ambacho zile tano hazikuwa nacho. Ganda la limau lililoning'inia ukingoni lilikuwa limejisokota kuelekea kushoto.

Matone akimenya limau, ganda hujisokota kulia. Dada yake vilevile. Mama peke yake, kwa kuwa alishika kisu kwa mkono wa kushoto, ndiye aliyekuwa na ganda la kinyume. Hotelini wateja waliliita sahihi yake.

Matone alinyoosha kidole. Taratibu. Kikaikaribia glasi.

"Usiiguse!"

Mkoba ulianguka chini pu. Matone aligeuka, akamwona mwanamke mnene mwenye kapu mkononi amesimama kwenye ngazi. Hakuwa mzimu. Alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu mkuu, mtu ambaye hata mizimu ingepanga mstari mbele yake.

"Dada! Umeniua nusu."

Dada Mkubwa alikuwa anaitazama glasi. Aliitazama sana, kuanzia sahani mpaka ganda la limau, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefungua barua asiyoitegemea.

"Nani katengeneza hii?" aliuliza.

"Sijui."

"Nyumba unaishi wewe, funguo unazo wewe, halafu hujui?"

"Hata wewe una funguo, dada."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, na kila mmoja akalimeza.

"Iache hapo hapo," Dada Mkubwa alisema hatimaye. "Njoo jikoni. Nina kazi na wewe."

Jikoni alilimimina kapu mezani. Pasheni kumi zilizokunjana ngozi, maana pasheni ya ngozi nyororo bado haijaiva. Malimau mawili. Chupa ya maji yaliyolowekwa waridi tangu alfajiri. Chupa ya maji ya gesi. Mfuko wa barafu.

Matone aliviona hivyo vitu vitano akarudi nyuma hatua moja. Alijua kinachofuata.

"Mwanangu anaolewa Jumamosi ijayo," Dada Mkubwa alisema, akikunja mikono ya blauzi. "Wageni mia. Nataka kokteli ya mama. Utaniandalia wewe."

"Agiza juisi. Ziko juisi nzuri tu siku hizi."

"Nimesema juisi?"

"Basi tengeneza wewe."

"Mimi mkono wangu wa chaki. Mama alikufundisha wewe. Tengeneza moja sasa hivi, nionje."

"Dada, nimetoka kazini, nimechoka."

"Mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema kwa ile sauti yake ya ofisini, "chukua kisu."

Matone alichukua kisu.

Nitakwambia siri yake, msomaji, kwa kuwa mimi na wewe hatufichani. Asubuhi ya siku ile ya msiba Matone alikuwa amepoteza miwani yake. Ilikuwa miwani ya zamani, mkono mmoja ulivunjika akaufunga kwa uzi mwekundu. Alitafuta kila mahali hakuiona, na mpaka leo haijaonekana; sasa huvaa nyingine. Bila miwani Matone hana tofauti na mtu anayetazama kupitia maji. Na hivyo hivyo, huku wageni wakianza kubisha hodi, alikimbilia ukutani kuchuma asumini.

Kwenye ukuta ule ilitambaa mimea miwili. Yote ilitoa maua meupe. Asumini ilikuwa chini. Juu yake mama alipanda mmea wa mapambo wenye utomvu wa sumu. "Wa chini ni wa kunywa, wa juu ni wa kutazama," mama alikuwa akiwaimbia tangu utotoni. Na Matone anakumbuka, anakumbuka vizuri kuliko jina lake, kwamba siku ile alichuma huku amenyoosha mkono juu.

Kisha hakuonja. Mama alimwambia mara mia, onja kabla hujampa mtu. Lakini mfamasia haonji dawa, hupima. Alipima shira kwa bomba la sindano, akapima limau kwa matone, akaona vipimo viko sawa, akampelekea mama yake glasi ya kwanza. Mama alipoanguka, hakuna mwingine aliyegusa ya kwake. Daktari aliposema moyo, kila mtu aliitikia, isipokuwa Matone. Yeye alisomea dawa. Alijua utomvu ule husimamisha nini.

Miezi kumi na moja hajafungua dirisha la upande ule. Pazia lake limejaa vumbi.

Sasa alikuwa anakata pasheni katikati, moja baada ya nyingine, anakomba mbegu na kijiko. Alizichuja kwenye kitambaa safi, akakikamua, juisi ikatiririka nzito na chachu. Dada Mkubwa alikaa kwenye kigoda akimwangalia kama anasimamia mtihani. Matone akabandika sufuria, akayeyusha sukari kwenye maji kidogo mpaka ikawa shira, akaiweka juu ya barafu ipoe.

"Mama hakuyachemsha maji ya waridi, sivyo?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Hapana. Waridi ukilichemsha linakasirika, linakuwa chungu."

"Unakumbuka yote."

"Nakumbuka."

"Yote kabisa?"

Matone aligeukia glasi. Akamimina juisi ya pasheni mpaka robo ya glasi, akaongeza shira, akakamua limau, akaweka barafu. Akainamisha kijiko, akateremsha maji ya waridi mgongoni mwake polepole yasichanganyike, kisha akakirudisha kwenye sufuria ya shira.

Ting. Ting. Ting.

Kijiko juu ya ukingo wa glasi, mara tatu. Ndivyo mama alivyokuwa akiita watu: kinywaji tayari, nani anaonja?

"Acha kugonga," Dada Mkubwa alisema. "Unajua sipendi."

"Sijagonga."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Dada, kijiko kiko ndani ya shira. Tazama."

Dada Mkubwa akatazama. Kijiko kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kimezama kwenye shira mpaka shingoni. Friji ilinguruma kidogo, ikanyamaza, na jiko zima likanyamaza nayo.

"Ni mabomba," alisema Dada Mkubwa, lakini hakusema kwa ile sauti ya ofisini. "Malizia. Bado asumini."

"Asumini hakuna."

"Ukutani zimejaa, harufu naisikia toka getini. Nenda ukachume."

"Siendi."

"Matone."

"Siendi! Nimesema siendi!"

"Kwa nini?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Matone alikuwa amebeba mimba ya jambo lile kwa miezi kumi na moja. Kisu kilimponyoka. Aliketi chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, mikono yote inanuka pasheni.

"Kwa sababu nilimuua mama," alisema.

Mimi nilidhani Dada Mkubwa angepiga yowe. Nilidhani angemkaba koo. Hakufanya hata kimoja. Alivuta pumzi ndefu akaitoa, mabega yakashuka.

"Hatimaye," alisema.

"Nini?"

"Nimesema hatimaye. Jumamosi tano! Nilidhani utavunjika wiki ya pili. Una roho ngumu wewe, mtoto wa mwisho."

Matone alimtazama. Taratibu, jambo likaanza kumwingia kichwani, na lilipoingia likamchoma.

"Ni wewe," alisema. "Zile glasi. Ni wewe!"

"Ni mimi."

Kikulacho ki nguoni mwako! Dada wa damu, tumbo moja, ziwa moja! Matone alisimama, machozi na hasira vikigombea njia moja usoni.

"Nilikuwa silali! Nilikuwa napitia mlango wa nyuma kwenye nyumba yangu mwenyewe! Nilijua mama amekuja kunidai roho yake, kumbe ni wewe?"

"Shuleni mtoto akivunja kitu simpigi," Dada Mkubwa alisema. "Nakiweka kile kitu juu ya meza yangu kila siku, sisemi neno. Mwenyewe atakuja. Miaka thelathini njia hiyo haijanigomea."

"Mimi si mwanafunzi wako!"

"Hapana. Wewe ni mdogo wangu, na ulinikumbatia pale kaburini ukanyamaza. Ulidhani sijui? Nilijua tangu siku ile ile. Nilikuwa nataka uniambie mwenyewe. Basi. Uniambie mimi, dada yako, tulie wote."

"Ulijuaje?"

"Hilo niachie."

"Hapana, sema. Ulijuaje?"

"Hodi!" ilisema sauti dirishani.

Wote wawili waliruka. Kichwa chenye kofia ya majani kilikuwa kimechomoza kwenye dirisha la jikoni. Huyu mnamfahamu kwa kupita tu, ni Mkasi, mtunza bustani. Huja kila Jumamosi mchana na kuondoka kabla Matone hajarudi kutoka kazini. Leo alichelewa, mpira wa maji ulimpasukia. Mdomo wake ni kama kifaa alichopewa jina lake, haujui kukata kidogo.

"Naomba maji ya kunywa," alisema. "Nilitaka kumwomba yule mgeni wenu wa kibarazani, anayegongagonga glasi, nikaona si heshima. Na mnisamehe, dirisha liko wazi, nimesikia. Nani kamuua nani?"

"Nenda zako, Mkasi," Dada Mkubwa alisema.

"Nasikia maua. Nasikia kuua. Maua gani yanaua mtu?"

"Yale ya juu ukutani!" Matone alimaka. "Yale ambayo mama alitukataza! Niliyachuma mimi, sikuwa na miwani, nikamtilia mama. Haya, umeridhika? Kawatangazie sokoni!"

Mkasi alivua kofia akajikuna.

"Siku ya sherehe ya mama?"

"Siku hiyo hiyo."

"Haiwezekani," Mkasi alisema.

"Nilinyoosha mkono juu. Nakumbuka!"

"Nyoosha mpaka mbinguni, dada yangu. Ule mmea niliung'oa mimi Alhamisi, siku mbili kabla. Mama mwenyewe alinisimamia, na kile kiti chake kimewekwa pale kwenye majani. Mizizi yake nilihangaika nayo kutwa nzima, kisiki tu ndicho kilichonishinda. Kisha akaniambia ile asumini niipandishe juu kwenye waya, ijaze nafasi."

"Na hukusema?" Dada Mkubwa alinong'ona. "Miezi yote hii?"

"Nani aliniuliza? Nyinyi mkiniona mnaniambia punguza majani, mwagia maji. Nitaanzia wapi kusimulia mizizi?"

Matone hakungoja mlango. Nusura apitie dirishani. Alikimbia na viatu vya kazini mpaka ukutani, ukuta ule ule alioukimbia miezi kumi na moja, akasimama chini yake. Chini kulikuwa na kisiki kikavu, kimekatwa na kuchimbwa pembeni, mchwa wamejenga ndani. Juu, kuanzia usawa wa kifua mpaka kwenye waya wa mwisho, ilikuwa asumini. Asumini tupu. Hakukuwa na ua lingine la kuchuma hata angekuja amefungwa kitambaa machoni.

"Kwa nini aliuondoa?" aliuliza. "Aliupenda. Alikuwa akiuosha majani."

Mkasi, ambaye alikuwa amefika akihema, aliona haya kidogo.

"Alisema, 'Huyu mtoto wangu wa mwisho haoni mbele, na ni mbishi, hataki kuonja. Siku moja ataua mtu, halafu ajilaumu maisha yake yote. Bora nikose ua.' Tukacheka."

Matone alikaa chini kwenye udongo, na sketi yake nyeupe ya kazini, akalia. Hakulia vile alivyolia msibani, kwa kujibana na kuangalia nani anamtazama. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Dada Mkubwa alikuja akakaa naye hapo hapo chini, mwalimu mkuu mzima, akamkumbatia kichwa.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Glasi tano! Mungu wangu, nimekutesa bure."

"Nami nisamehe. Ningekwambia siku ya kwanza..."

"Ungeniambia, ningemuuliza Mkasi."

"Tungemuuliza Mkasi!" Na hapo wakacheka, kile kicheko kibaya kinachochanganyika na kamasi, mpaka Mkasi mwenyewe akaona bora arudi kwenye mpira wake wa maji karibu na geti.

Kwa hiyo ni moyo. Daktari alisema kweli tangu mwanzo. Mama alikufa kwa siku zake, kwenye kiti chake, na kinywaji alichokipenda kikiwa mdomoni, kimetengenezwa na mwanawe. Kama kuna kifo kizuri, basi kile hakikuwa mbali nacho.

Matone alisimama akachuma asumini tatu. Walirudi jikoni, akazilaza kifudifudi juu ya maji ya waridi, kwa sababu mama alisema ua linalotazama juu linajivuna. Akamenya limau, ganda likajisokota kulia, akalining'iniza ukingoni. Akaongeza maji ya gesi, kinywaji kikafanya povu jembamba na kutulia.

Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Matone alichota kwa kijiko akaonja kabla ya kumpa mtu.

Ilimjia pasheni kwanza, kali, ikambana mashavu. Halafu utamu. Halafu, alipokwisha kumeza, ile harufu ya waridi na asumini ikampanda puani ikakaa. Ilikuwa jikoni hapa hapa, Jumapili, mama akiwa na aproni ya hoteli aliyokataa kuirudisha.

"Vipi?" Dada Mkubwa aliuliza.

Matone alimpa kijiko. Dada Mkubwa akaonja, akafumba macho, na machozi yakapenya hivyo hivyo chini ya kope.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Wageni mia watakula viapo kuwa ni mkono wa mama."

Hadithi ingeishia hapa mngeniombea dua, najua. Lakini Matone, huku akifuta meza, alitikisa kichwa akicheka.

"Ila dada, zile tano nimekusamehe. Hii ya leo ulizidi. Kwenda kujifunza kumenya limau kwa mkono wa kushoto, ilimradi tu unitishe!"

Dada Mkubwa alikuwa anasuuza kijiko. Maji yaliendelea kutiririka na kijiko hakikusogea.

"Ya leo?" alisema.

"Ile ya kibarazani."

"Matone, ile si yangu."

"Dada, basi. Mchezo umekwisha."

"Sikuja na glasi leo. Nilikuja na kapu, umeniona. Nilipoiona pale nilidhani umeitengeneza wewe. Nilidhani umenigundua, unanijibu, nikaogopa umeitia kitu." Alifunga bomba. "Mimi hata kalamu siwezi kuishika kwa kushoto."

"Basi Mkasi."

"Mkasi alikuwa anatafuta maji ya kunywa, na bomba la bustani limepasuka. Angechanganya na nini?"

Walikumbuka kwa pamoja. Niliona nyuso zao zikikumbuka. *Yule mgeni wenu wa kibarazani, anayegongagonga glasi.*

Matone alichungulia dirishani. "Mkasi!" aliita. "Kuna mtu ameingia mchana huu? Kabla yetu?"

"Hakuna!" Mkasi alijibu kutoka getini. "Niko hapa tangu saa nane. Geti umelifungua wewe, kisha dada yako. Huyo wa kibarazani mlikuwa naye ndani, si ndiyo?"

Dada Mkubwa alimshika mdogo wake mkono, au mdogo ndiye aliyeshika, sijui. Walipita sebuleni hatua kwa hatua. Saa ya ukutani ilikuwa imepita kumi. Matone alisukuma mlango wa kibaraza kwa mguu.

Kiti cha mama kilikuwa tupu. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati.

Ile glasi ilikuwa imegeuzwa kifudifudi juu ya sahani, haina kitu, imekauka. Maua matatu yalipangwa pembeni yake. Hivyo ndivyo mama alivyofanya kila alipomaliza kunywa, na kila alipogeuza glasi alisema neno moja tu: "Nimeridhika, sina kinyongo na mtu."

"Ee Mungu," Dada Mkubwa alisema.

Matone hakuwa anatazama glasi. Alikuwa anatazama kilichokuwa kando yake, kimekunjwa vizuri juu ya kitambaa cha meza. Alikiokota kabla hajajizuia.

"Miwani yangu," alisema.

Ilikuwa yenyewe. Mkono mmoja umevunjika, umefungwa kwa uzi mwekundu. Vioo vilikuwa safi, vimefutwa. Aliigeuza geuza, na polepole tabasamu likaanza kumjia, maana jibu alilipata.

"Kumbe ulikuwa nayo wewe! Ndiyo maana ulijua nilichuma bila kuona! Dada, umenitisha, nusura..."

Aliishia hapo. Dada Mkubwa alikuwa ameegemea mlango, midomo imepauka.

"Niliikuta jikoni, chini ya gazeti," alisema, "saa ile wanambeba mama. Nikajua. Nikaogopa mjomba akiiona ataanza kuuliza, polisi waje, wakuchukue. Kumzika mama kulinitosha. Sikutaka nikuzike na wewe."

"Ukaificha."

"Nikaificha."

"Wapi?"

Dada Mkubwa aliiangalia ile miwani.

"Chini ya mto wa mama," alisema. "Ndani ya jeneza. Niliiweka kwa mkono wangu huu, Matone, na nikasimama pale pale mpaka kifuniko kikapigiliwa misumari."

Kule getini Mkasi alikuwa anakunja mpira wake wa maji, anapiga mluzi. Dada wawili walisimama kibarazani na miwani ile katikati yao. Nyumba haikuwa na mtu mwingine. Jikoni, mezani, waliacha glasi moja tu, ile ya Matone, imejaa mpaka juu, imeonjwa kijiko kimoja kimoja.

Ting, ilisema glasi ile. Ting. Ting.